Uliza Shangazi: Siti ya mtoto kwenye gari, mbona inatusumbua hivi?

Tangu tuandike juu ya safari za kwenda kijijini, barua zimekuja nyingi sana za wazazi wanauliza siti za watoto, hasa zile za kugeuza, yaani zile mtoto anaanza nazo akiangalia nyuma ya gari alafu akishakua unaigeuza anaangalia mbele. Nimechagua sita. Zingine nimezikata kidogo kwa sababu mnaandika ndefu jamani, na yule baba aliyeuliza kama siti inaweza kufungwa na kamba ya katani namjibu hapa hapa: hapana.

*

*Habari yako Shangazi. Wifi yangu yuko Boston, amenitumia siti ya kugeuza mpya kabisa, mtoto ana miezi nane. Gari yetu ni Premio ya zamani, haina vile vyuma vya ISOFIX, nimeingiza mkono katikati ya siti mpaka nimechubuka. Mume wangu ameifunga na mkanda wa gari lakini tukipita kona tu siti inalala upande. Mkanda wenyewe ukiuvuta unatoka tu. Sasa hii siti itafanya kazi kweli kwa gari yetu ama niiuze? – Mama Hadija, Ntinda*

Nzuri Mama Hadija, na usiiuze. Watu wamefanya ISOFIX kama ndio dini lakini ni njia moja tu ya kushikisha siti, na siti iliyofungwa vizuri na mkanda wa gari inamlinda mtoto vizuri tu. Ni kweli sheria ya Uganda ya 2018 ilifunga mlango kwa magari ya kuingizwa yaliyofikisha miaka 15, lakini zile zilizoingia kabla ya hapo bado tunaziendesha na nyingi hazina vyuma hivyo, kwa hiyo hauko peke yako.

Shida yako ni mkanda. Mkanda wa kawaida unaachia ukiuvuta polepole na unashika tu gari ikifunga breki ghafla, ndio maana wewe unaweza kuinama kuokota simu ukiwa umeufunga. Kwa siti ya mtoto hio haitoshi, mkanda lazima ushike muda wote. Jaribu hivi kwanza: vuta ule mkanda wa siti ya nyuma wote mpaka mwisho kabisa, alafu uachie urudi polepole. Ukisikia tik-tik-tik wakati unarudi na ukiuvuta tena unakataa kutoka, una bahati, mkanda wako una kufuli ndani yake. Kama hausikii kitu, angalia siti yenyewe, siti nyingi za siku hizi zina kibanio chake cha plastiki pale mkanda unapopita, unauingiza mkanda ndani unakibana. Na kama nacho hakipo, siti zingine za Marekani zinakuja na kachuma kadogo kenye umbo la herufi H, mara nyingi kamefichwa nyuma ama chini ya siti na watu wanakatupa wakidhani ni cha kufungashia. Hako kanavalishwa kwenye mkanda karibu kabisa na ule ulimi unaoingia kwenye kifungio, kanashikanisha mkanda wa kiunoni na wa begani visiteleze. Kitabu cha siti kinaonyesha kwa picha.

Sasa mkanda wenyewe unapita wapi? Hapa ndipo nadhani mzee amekosea, bila kumlaumu. Siti ya kugeuza ina njia mbili za mkanda, moja ya mtoto akiangalia nyuma, iko upande wa miguu yake, nyingine ya akiangalia mbele, iko nyuma ya mgongo. Mara nyingi wameziwekea rangi, bluu kwa kuangalia nyuma na nyekundu kwa kuangalia mbele. Mtoto wa miezi nane anaangalia nyuma, hakuna mjadala, kwa hiyo tafuta ile ya bluu. Pitisha mkanda, ufunge, alafu egemea hapo mkanda unapopita kwa uzito wako wote, mkono mmoja unakandamiza na mwingine unavuta ile sehemu ya mkanda inayopanda begani. Mwambie mume wako asukume kutoka mlango wa pili wakati wewe unavuta, watu wawili ni rahisi zaidi na hamtagombana sana.

Ukimaliza shika siti pale pale mkanda unapopita, sio juu, uitikise kushoto kulia na mbele nyuma. Isisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kule juu upande wa kichwa itacheza kidogo kama inaangalia nyuma, hio isikutishe.

Jambo lingine ni mlalo. Mtoto mchanga anataka siti ilale kama nyuzi 45 ili kichwa kisiangukie kifuani kikamzuia kupumua, huyu wako wa miezi nane kama anakaa mwenyewe inaweza kusimama zaidi kidogo. Siti ina alama pembeni, mstari ama kapovu ka levo, ya kukuonyesha. Lakini hio alama inasema ukweli gari ikiwa imesimama mahali tambarare, na Kampala hii tambarare iko wapi? Usifungie kwenye kile kimteremko cha geti lako alafu ukalalamika kwamba siti ni mbovu, peleka gari petroli stesheni kwenye sakafu iliyonyooka, funga hapo. Siti ikisimama sana, taulo lililokunjwa bomba likawekwa chini kwenye ile kona ya siti ya gari linasaidia, ilimradi kitabu kinaruhusu.

Na kwa kuwa imetoka Marekani, vipimo vingi vimetangulizwa kwa ratili na inchi. Ukiona 40 ni kama kilo 18, 65 ni kama kilo 29 na nusu. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwa kilo pembeni ya siti, na ile kadi ya kliniki ya mtoto ikutajie uzito wake. Ile klipu ya kifuani, ambayo siti za Ulaya kwa kawaida hazina, inakaa usawa wa makwapa. Sio tumboni.

*

*Shangazi, mtoto wetu ana mwaka mmoja na miezi minne, ni mrefu, miguu inagusa mgongo wa siti ya gari mpaka anaikunja kama anakaa msikitini. Mama yangu akimwona anasema tunamtesa mjukuu wake, na hata mimi naona ashakuwa mkubwa, nataka kuigeuza aangalie mbele. Mke wangu anakataa. Tuamulie. – Baba Junior, Arua*

Kaka, mke wako ameshinda.

Kuna sababu. Mtoto anapozaliwa kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wake wote, na hata akifika mwaka na nusu bado ni kizito kupita kiasi kwa shingo aliyonayo, na mifupa ya shingo haijakomaa, sehemu zingine bado ni gegedu. Gari ikigonga kitu kwa mbele, kila kilichomo ndani kinaendelea kwenda mbele. Mtoto anayeangalia mbele mabega yanashikwa na mikanda lakini kichwa kinarushwa, na shingo ndio inabeba kazi yote. Anayeangalia nyuma anasukumwa ndani ya siti yake, mgongo, shingo na kichwa vyote vinapokelewa kwa pamoja na lile ganda la siti. Hio fikra ni ya zamani kuliko wewe na mimi: profesa mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, alitengeneza na kujaribu siti ya kwanza ya namna hio mwaka 1964, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa mgongo kwenye viti vyao wakati wa kuruka. Mpaka leo Sweden watoto wengi wanaangalia nyuma mpaka kama miaka minne, na hakuna aliyekua na miguu iliyopinda.

Miguu kukunjwa haimuumizi. Watoto wanapenda kukaa hivyo hata kwenye mkeka, mwangalie tu nyumbani. Na kama unaogopa ivunjike kwenye ajali, mguu uliovunjika unatiwa plasta, shingo sio hivyo.

Sasa lini unageuza? Sio kwa birthday. Kanuni ya Ulaya inayoitwa R129 inasema asiangalie mbele kabla ya miezi 15, hicho ni kiwango cha chini kabisa, na Junior amekipita juzi tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2018 kinasema abaki hivyo mpaka amalize uzito ama urefu ambao siti yenyewe inaruhusu akiangalia nyuma. Kwa siti nyingi za kugeuza hio ni kilo 18 na kuendelea. Kwa urefu angalia kichwa tu: kati ya utosi wake na juu ya ganda ibaki angalau sentimita 2.5. Miguu usiihesabu.

Mama yako usibishane naye. Mwalike akae nyuma pembeni ya mjukuu siku moja, atamwona anavyolala usingizi wake bila shida, na atafurahi kumwangalia usoni.

Siku ikifika ya kugeuza kweli, kumbuka mikanda ya mwili inabadilika mahali. Akiangalia nyuma inatokea usawa wa mabega ama chini yake kidogo, akiangalia mbele inatokea usawa wa mabega ama juu yake. Na kuna ule mkanda mmoja wa juu mgongoni mwa siti wenye ndoano, wengi hapa wanauacha unaning'inia. Huo ndio unazuia kichwa kurushwa mbele, unapunguza kama sentimita 10 mpaka 15, na kwa mtoto aliyekaa nyuma ya siti ya dereva hizo sentimita ndio tofauti ya kugonga na kutogonga. Tafuta kishikio chake kwenye ubao chini ya kioo cha nyuma, ama nyuma ya siti ya gari kama ni wagon, kina kaalama ka nanga. Usifunge kwenye ndoano ya kushikia mizigo.

*

*Shangazi mimi nina mapacha wa miezi kumi, nahitaji siti mbili na bei za mpya za supamaketi zimenishinda kabisa. Kuna duka linauza used zimetoka Japan na Uingereza, zingine zinaonekana safi sana. Nichukue? – Nalongo, Bweyogerere*

Hongera Nalongo, na pole ya usingizi. Used sio dhambi lakini mimi ningependa sana uchukue ya mtu unayemjua, dada, jirani, mtu wa kanisani, mtu anayeweza kukuangalia machoni akakwambia haijawahi kupata ajali. Siti iliyopata ajali kubwa imeshamaliza kazi yake, hata kama kwa macho iko sawa, plastiki inaweza kuwa na ufa ndani na mikanda imeshavutika. Mwenye duka hajui historia yake, na hata akijua hakwambii.

Kama ni lazima dukani, geuza siti chini juu kabla hujauliza bei. Chini ama nyuma kuna stika. Za Ulaya na Japan zina herufi E ndani ya duara na namba: E11 imepitishwa Uingereza, E43 Japan, E4 Uholanzi. Soma kanuni iliyoandikwa juu: R44/04 ni ya kizazi kilichopita lakini inafaa, R129 ni mpya zaidi. Hio R44 Ulaya waliacha kuuza mpya Septemba 2024, ndio maana sasa zitamiminika huku kwetu, msishangae. Siti ya Marekani haina E, ina maandishi kwamba inakubaliana na kanuni zao za usalama, na mara nyingi mstari mwekundu unaosema inaruhusiwa pia kwenye ndege. Ikikosa stika kabisa, rudisha chini, hata kama ni rangi unayoipenda.

Alafu tarehe. Plastiki inachoka, hasa siti iliyokaa miaka ndani ya gari inayoegeshwa juani. Wengi wa watengenezaji wanatoa miaka 6 mpaka 10 tangu siku ya kutengenezwa, na imechapwa kwenye plastiki, wakati mwingine kwa kaduara kenye mshale kama saa. Funga na kufungua kile kifungio mara nyingi, lazima kilie. Vuta mikanda yote uone kama kuna iliyokatwa ikashonwa upya na fundi, na hapo ndio duka zetu zinaniudhi, mtu anashona mkanda wa siti ya mtoto na uzi wa kushonea mabegi alafu anakwambia ni orijino.

Kitabu kikikosekana, andika jina na namba ya modeli iliyoko kwenye stika, kampuni nyingi zinaweka vitabu vyao mtandaoni bure.

Na pima kwanza gari yako kabla ya kulipa mbili. Siti za kugeuza ni pana, mbili na mtu mzima katikati haziingii kwenye gari nyingi ndogo, na zikiangalia nyuma zinasukuma siti za mbele. Salongo, baba wa mapacha, kama ana miguu mirefu aje dukani pia.

*

*Naendesha dabo kabini, mara nyingi niko peke yangu na mtoto wa mwaka mmoja. Nikimweka mbele namwona na halii. Kuna ubaya? – Mama Kato, Mbarara*

Upo. Siti inayoangalia nyuma haiwekwi kamwe mbele ya eabagi inayofanya kazi, kwa sababu eabagi inafumuka kwa nguvu ya kumuua mtoto, inapiga lile ganda pale pale kichwa kilipo. Soma stika kwenye kile kingao cha jua upande wa abiria, kuna picha ya siti ya mtoto imepigwa mstari. Dabo kabini yako ina siti ya nyuma, mweke huko, upande wa kushoto ili ukisimama umtolee upande wa majani na sio upande malori yanapita. Atalia siku za kwanza alafu atazoea.

*

*Sisi hatuna gari. Tunatumia taksi na spesho (gari ndogo ya kukodi peke yako), wikendi boda. Siti ya mtoto ni ya matajiri ama na sisi tuna namna? – Baba wa Kisenyi*

Namna ipo lakini siwezi kukudanganya kwamba ipo kwa kila safari. Kwenye spesho inawezekana kabisa: chukua siti nyepesi, zipo za kugeuza ambazo mtu anabeba kwa mkono mmoja, jifunze kuifunga nyumbani kwa gari ya rafiki mpaka uweze bila kufikiri, na umwambie dereva mapema kwa simu kwamba utahitaji dakika chache na siti ya nyuma yenye mkanda unaofanya kazi. Madereva wengi mikanda ya nyuma wameisukuma chini ya kava, sema uivutiwe kabla hujapanda. Ukipata mmoja mvumilivu shika namba yake. Siti nyingi za Marekani zinakubali hata mkanda wa kiunoni peke yake, za Ulaya nyingi zinataka wa pointi tatu, angalia hilo kabla ya kununua.

Taksi ya watu 14 ni ngumu zaidi, mikanda haipo ama imekatika. Hapo fanya unachoweza: mlipie mtoto nafasi yake kama mkanda upo ufunge siti, kama haupo kaa mistari ya katikati, sio mbele na dereva. Usijidanganye na mikono. Gari ikigonga kwa kilomita 50 kwa saa mwili unaweza kusukumwa kwa nguvu kama mara 30 ya uzito wake, mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 300, hakuna baba anayeshika hio. Na usifunge mkanda mmoja ukawazunguka wewe na yeye, wewe ndio utamponda.

Boda na mtoto mdogo, mimi nasema hapana. Najua jam ya Kampala, najua bei. Bado hapana.

*

*Sisi tuko Kabale kunako baridi. Mtoto wa miezi sita namvalisha sweta mbili na jaketi alafu namfunga kwenye siti, lakini mikanda inabana analia, nikiilegeza ananyamaza. La pili, mtoto alitapika uji kwenye mikanda yote, naweza kuiloweka na Omo? – Mama Blessing*

Hapo kwenye jaketi ndio kuna mtego. Jaketi nene limejaa hewa, ajali ikitokea linajibana lote kwa sekunde moja na mikanda uliyodhani imekaza inabaki na nafasi ya mtoto kuchomoka. Fanya jaribio nyumbani: mfunge na jaketi lake ukaze vizuri, mfungue bila kugusa urefu wa mikanda, mvue jaketi, mrudishe umfunge tena. Utaona mkono wako unaingia wote. Kwa hiyo mvalishe nguo nyembamba kadhaa, mkaze kwenye siti, alafu blanketi ama ile shali yako nzito iwe juu ya mikanda, isiwe katikati yake na mwili. Na usiongeze vimito vya kununua kando ambavyo havikuja na siti.

Kujua kama imekaza, jaribu kufinya mkanda begani kwa vidole viwili kama unataka kutengeneza mkunjo. Vidole vikiteleza, sawa. Ukipata mkunjo, vuta tena. Wengi wanalegeza kwa sababu mtoto analia, na mara nyingi analia kwa sababu ya joto la zile sweta mbili.

Uji sasa. Kava linafuliwa kama stika yake inavyosema, lakini mikanda usiiloweke, usiiweke mashineni, na jiki kabisa usiiguse, hizo zinadhoofisha nyuzi. Kitambaa, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo laini, futa na kurudia, ianikwe kivulini. Kile kifungio cha katikati kama kimejaa uji mpaka hakilii vizuri, wengi wanaruhusu kukisuuza kwa maji ya uvuguvugu tu bila sabuni wala mafuta, lakini hilo hakikisha kwenye kitabu. Kabla ya kuvua kava piga picha mikanda inapopita, mbele na nyuma, maana kuirudisha usiku na mtoto mgongoni ni kazi nyingine kabisa.